Gitaa Kuukuu Chini ya Kitanda



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mahari, malezi ya watoto, wakwe na mambo ya chumbani. Leo tutazungumza juu ya gitaa. Usifunge gazeti, ndugu yangu, wala usiseme kwamba mambo hayo ni ya vijana. Soma mpaka mwisho, kisha mpe mwenzako naye asome.

Ninyi mnaoishi Homa Bay na Migori mnalijua gitaa tangu utotoni. Kabla yake kulikuwa na nyatiti, yenye nyuzi nane, ambayo mpigaji wake hukaa chini na kugonga mbao kwa pete ya chuma aliyoivaa katika kidole cha mguu. Vijana wa zamani waliposhika gitaa, walihamishia humo mapigo ya nyatiti, tukapata benga. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wa Tanzania, aliipeleka benga mbali pamoja na bendi yake ya Shirati Jazz, mpaka alipofariki mwaka 2006. Kwa hiyo mwanamume wa pande hizi akilitamani gitaa, tusimcheke. Anatamani kitu cha kwao.

Sasa fikiri, ewe mume, kwamba wewe ndiye huyu ninayemweleza hapa.

Unafanya kazi mjini Migori, na umepanga chumba kimoja. Mkeo yuko Homa Bay pamoja na watoto, anauza omena sokoni. Kila mwisho wa mwezi unapanda matatu, unapita Awendo, unafika Rongo, unabadilisha gari, unafika nyumbani. Mmekubaliana kuweka akiba ya karo ya mtoto wenu wa kwanza aliyeingia sekondari. Yeye hutoa kidogo katika omena, wewe hutoa katika mshahara, na fedha hukaa katika simu yako.

Jumamosi moja unamtembelea mzee aliyepiga muziki zamani. Ukutani limetundikwa gitaa la umeme. Rangi imebambuka, nyuzi zimeshika kutu, vitufe viwili havipo. Ulipokuwa kijana ulilitamani gitaa kama hilo, ukalikosa. Mzee anataka shilingi 14,000. Unatoa simu, unalipa. Unalitia gitaa katika gunia, unalisukuma chini ya kitanda. Mkeo humwambii. Unajiambia moyoni, "Nitazirudisha kabla hajajua."

Wiki mbili baadaye mkeo anafika bila taarifa, kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Wakati anakusubiri utoke kazini, anashika ufagio asafishe chumba. Ufagio unagonga kitu. Unapoingia mlangoni, gunia liko katikati ya chumba.

"Baba watoto, hili ni la nani?"

"La rafiki yangu. Ameniwekea tu."

Mkeo hapigi kelele. Anakaa kitandani, anakutazama, anauliza kwa sauti ya chini, "Na karo ya mtoto iko wapi?"

Kosa lilikuwa wapi?

Wasomaji wengine watasema kosa ni gitaa. Mimi sisemi hivyo. Kutamani kitu kizuri si dhambi. Mtu akifanya kazi mwaka mzima, haki yake ni kuwa na jambo moja linalomfurahisha. Kosa la kwanza ni kwamba fedha za watu wawili zilitumiwa na mtu mmoja. Kosa la pili, na ndilo kubwa zaidi, ni lile neno "la rafiki yangu". Shilingi 14,000 zinaweza kurudi kwa kazi ya miezi miwili au mitatu. Neno lile halirudi upesi namna hiyo. Tangu siku ile mkeo akikusikia unasema "niko kazini", atajiuliza, je, ni kweli, au ni la rafiki tena?

Nanyi akina mama, msikimbilie kuwanyoshea kidole. Je, hakuna mkopo wa chama ambao mume haujui? Hakuna kitenge kilichofichwa kwa jirani mpaka kisahaulike bei? Chini ya vitanda vingi kuna gunia. Leo tumetaja gunia la mume, kesho litakuwa la mke.

Usipake rangi kabla ya kutengeneza ndani

Tuendelee na gitaa lenyewe, kwa maana lina la kutufundisha. Anayelitengeneza gitaa kuukuu ana kazi nne, na kila kazi ina zamu yake.

Kwanza, huondoa nyuzi zilizoshika kutu. Hahangaiki kuzisugua zing'ae. Huzitoa zote sita na kutia mpya. Uongo katika ndoa ni kama uzi wenye kutu. Mume anayesema, "Basi, samahani kama umekasirika," anasugua kutu. Neno jipya ni hili: "Nilinunua mimi, kwa fedha za karo, nikakudanganya. Nimekosa." Maneno hayo ni machungu mdomoni, lakini bila hayo hakuna wimbo utakaopigika. Tena ukiwa umeyasema nyumbani, yapeleke pia katika Sakramenti ya Kitubio. Usianze kwa padre ili ukwepe kwa mke.

Pili, hufungua kifuniko na kutazama ndani. Ndani ya gitaa la umeme kuna sumaku zilizoviringishiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya ule, ukasafiri mpaka kwenye mashine ya kukuza sauti. Mara nyingi gitaa linaloonekana limekufa lina waya mmoja tu uliokatika penye tundu la kuchomekea. Fundi wa redio hulitibu kwa tone la risasi. Lakini mwenye gitaa asiyejua hukimbilia kupaka rangi mpya, kisha hushangaa kwamba linapendeza na bado ni bubu! Ndivyo afanyavyo mume anayemnunulia mkewe leso mbili nzuri ili yaishe. Leso ni rangi. Jiulizeni kwanza waya ulikatika wapi. Katika nyumba tuliyoitaja, waya ulikatika siku mume alipozoea kuamua peke yake kule Migori, na mke akazoea kunyamaza peke yake kule Homa Bay.

Tatu, hunyosha shingo. Nyuzi huivuta shingo mchana na usiku, nayo hupinda polepole. Ndani ya shingo za magitaa mengi ya umeme mna fimbo ya chuma ya kuzuia mvuto huo, na fundi huweza kuikaza au kuilegeza. Fundi mwenye akili huizungusha robo tu, akaacha mbao zitulie, akatazama tena. Mwenye pupa huizungusha mpaka ikakatika. Ewe mume, umeomba msamaha Jumatatu. Je, wataka uaminiwe Jumanne? Mkeo akikuomba risiti, mpe. Akitaka kuona salio la simu, mwonyeshe, wala usinune. Mwache aulize mwezi huu, aulize na mwezi ujao. Ipo siku utamnyoshea simu na yeye atasema, "Weka tu." Siku hiyo hutaiona ikija, na huwezi kuiharakisha.

Nne, hulingana sauti za nyuzi, tena na tena. Nyuzi mpya hunyooka. Ukizikaza asubuhi, jioni zimeshuka. Asiyejua husema gitaa ni bovu. Anayejua hukaza upya bila hasira. Mkirudia ugomvi ule ule baada ya kupatana, msidhani kupatana kwenu kulikuwa bure. Kazeni tena.

Na karo je?

Tusihubiri msamaha tukamsahau mtoto aliyekaa nyumbani wakati wenzake wako darasani. Msamaha usiolipa deni ni maneno. Mume na mke wale waende shuleni pamoja, wamwombe mwalimu mkuu walipe kwa awamu. Mume atafute cha kuuza kabla ya kugusa cha mkewe. Kama ana televisheni katika chumba cha Migori, ianze hiyo. Akiba ihamishwe mahali ambapo wote wawili wanaweza kuiona, na isitoke bila wote wawili kukubali. Ndipo wazungumze habari ya gitaa. Liuzwe au libaki? Hapo mume asiwe mwepesi wa kujibu. Aliyeibiwa ndiye asemaye kwanza.

Na mke akisema libaki, basi lisibaki chini ya kitanda. Lipelekwe Homa Bay, likae sebuleni, litengenezwe mbele ya watoto. Watoto waliojua kwamba baba alikosa wanafaa pia kumwona baba akitengeneza. Sisemi kwamba mke atakuwa ameshasahau. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Hata gitaa lile, likipakwa rangi namna gani, alama ya mkono wa yule mzee itabaki pale penye mbao zilizolika. Lakini litapigika, na alama hiyo hailizuii.

Mkuki wa Sauli

Hapa sina budi kuongeza neno zito, kwa sababu wako wanaosoma ukurasa huu huku wakificha majeraha, nami sitaki wasome vibaya habari ya uvumilivu.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16, tunamwona Daudi akimpigia kinubi mfalme Sauli, na Sauli akatulia. Wengi tunaipenda sehemu hiyo. Lakini endelea kusoma sura ya 18 na ya 19. Kinubi ni kile kile, mpigaji ni yule yule, na Sauli akamtupia mkuki. Muziki uliituliza roho yake kwa saa chache, haukung'oa wivu aliokuwa ameukubali moyoni. Naye Daudi alifanya nini? Je, aliketi pale pale aendelee kupiga vizuri zaidi, akidhani labda leo amekosea wimbo? Hapana. Aliukwepa mkuki, akakimbia usiku ule, na Mungu hakumkemea kwa kukimbia.

Dada yangu, nawe kaka yangu uliye katika hali hiyo, sikia. Uongo juu ya fedha ni waya uliokatika, hutengenezeka nyumbani. Mtu anayekupiga ana mkuki mkononi. Hukuitwa na Sakramenti ya Ndoa kukaa mbele ya mkuki. Toka kwanza, uwe salama wewe na watoto. Mwambie mzazi, msimamizi wa ndoa yenu, paroko, na polisi pia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inakupa haki ya kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Mambo ya kutengeneza yatazungumzwa mkuki ukiwa umewekwa chini, na mwenye mkuki ndiye wa kwanza kutengenezwa.

Kazi ya nyumbani

Ninyi wengine ambao kwenu hakuna mkuki ila gunia tu, fanyeni hivi Jumamosi hii, watoto wakishalala. Zimeni redio na simu. Gitaa la umeme lisilochomekwa bado hutoa sauti, lakini ndogo mno. Anayetaka kuisikia lazima asogee karibu na kunyamaza. Wako wake na waume ambao sauti zao nyumbani ni hivyo. Sogeeni karibu.

1. Kila mmoja ataje kitu kimoja kilicho chini ya kitanda chake. Kimoja tu. Mwenzake asijibu kabla ya kumaliza kusikiliza.

2. Andikeni kwenye daftari deni au akiba yoyote ambayo mmoja wenu alikuwa haijui. Wekeni daftari mahali ambapo wote mnapafikia.

3. Kila mmoja aseme jambo moja analolitamani tangu ujana na ambalo hajawahi kulipata. Msilicheke. Huenda haliwezekani mwaka huu, lakini likijulikana na wawili halina haja ya gunia.

4. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake juu ya familia wa mwaka 2016, alisisitiza maneno matatu ambayo nyumba haiwezi kuishi bila hayo: kuomba ruhusa, kushukuru, na kuomba msamaha. Tazameni ni lipi limepotea kwenu. Katika hadithi yetu lilianza kupotea lile la kwanza, na ndipo likahitajika sana lile la tatu.

Kisha msali pamoja, hata kama ni Baba Yetu mmoja tu.

Ee Mungu, uliyetuunganisha mbele ya altare, utupe moyo wa kufungua magunia yetu kabla ufagio haujayagonga. Utupe subira ya fundi, na ukweli wa kusema nimekosa. Uwafiche mbawani mwako wote wanaokimbia mkuki usiku huu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu azibariki nyumba zenu.