Kuliponya Jiwe

Nimefasiri mashairi kwa miaka mingi, wala sikutarajia kushindwa na karatasi ya kufugia samaki. Rafiki yangu aishiye Ulaya, mwenye tangi la kioo la samaki wa baharini, aliniletea maelekezo niyatie Kiswahili, apate kuwafunza wanawe kwa lugha ya kwao. Nikakwama katika neno moja.

Maelekezo yalihusu liitwalo "jiwe hai". Ni kipande cha tumbawe lililokufa, ambacho vitundu vyake vimejaa bakteria, minyoo, sifongo, mwani na kaa wadogo. Mfugaji hulitaka kwa sababu bakteria hao husafisha maji. Lakini jiwe lililosafiri siku kadhaa nje ya maji halitiwi tangini papo hapo. Sharti kwanza lifanywe... nini? Kiingereza kina neno moja la kumponya mgonjwa na la kumtia samaki chumvi asioze. Kiswahili hakikubali kuchanganya hayo mawili, nami ilinipasa kuchagua.

Tuitazame kazi yenyewe. Jiwe huwekwa katika pipa la maji yenye chumvi gramu 35 hivi kwa lita, na joto la nyuzi 25 hivi, pampu ikiyazungusha. Viumbe walioumia safarini hufa na kuoza. Maji hunuka, amonia hupanda. Mwenye kazi husugua vilivyooza kwa brashi, humwaga maji, hutia mengine. Polepole bakteria huongezeka: baadhi huigeuza amonia kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Baada ya wiki kadhaa, vipimo vya amonia na nitriti vikionyesha sifuri, husemwa kuwa jiwe limepona.

Amepona nani? Sifongo hakupona, wala kaa aliyefia tunduni mwake. Lililofanyika ni kuwangoja wa kufa wafe, kisha waliobaki wakahesabiwa kuwa ndio jiwe. Hapo ndipo ninapoliogopa neno "kuponya". Ni mara ngapi tumewaambia watu waliong'olewa kwao kwamba wamepona, kwa kuwa tu kilio chao hakisikiki tena?

Siwanyooshei kidole wa mbali. Sisi wa pwani tumejenga kwa matumbawe tangu kale. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, yaliyochongwa katika tumbawe. Tumbawe la kuchonga lilikatwa baharini lingali hai, likachongwa likiwa bichi na laini, likakauka likawa gumu. Lakini fundi hakuliita hai alilolitia ukutani. Alijua alichokichukua.

Je, kukiri kunatosha? La. Mwamba uliokatwa haurudishwi na ukweli wa aliyeukata. Huko Florida, Marekani, kufikia mwaka 1997 uvunaji wa mawe hai ya asili ulikuwa umekomeshwa. Wenye idhini huzamisha mawe yaliyochimbwa nchi kavu, huyaacha baharini mpaka viumbe wayafanye makazi, ndipo huyatoa. Wengine huanza na mawe makavu, wakatia kipande kimoja tu kilicho hai, bakteria wakaenea kutoka hapo. Hata katika njia hizi wako wafao, lakini mwamba wenyewe unabaki mahali pake. Naona hapo ndipo penye adabu: anayetaka kuchukua aanze kwa kuweka, na anayetosheka na kimoja asichukue kumi.

Ama neno langu, sikuandika "kuponya". Niliandika: "kulilaza jiwe majini hadi vilivyokufa viishe kuoza na maji yatulie." Rafiki yangu alilalamika kwamba ni maneno mengi mno kwa neno moja. Ni mengi, naam. Lakini waliokufa wametajwa humo.