Tafakari ya Ramadhani, siku ya 12: Neno dogo na fungu la aliyelisema



Ndugu zangu wa Rugera, na ninyi mlio safarini, poleni na swaumu. Leo nina swali. Mtu akisema neno jema la dakika moja, kisha likazaa jambo kubwa ambalo yeye hakuliona wala hakulijua, je, ana fungu lake humo?

Sahihi ya Imam Bukhari tunaisikia ikitajwa karibu kila Ijumaa. Ilimchukua miaka 16 kuikusanya. Mwanzo wake mwenyewe ameusimulia: walikuwa wamekaa kwa mwalimu wao Is-haq bin Rahawayh, likatoka wazo kwamba ingefaa kikusanywe kitabu kifupi cha hadithi zilizo sahihi. Basi, ni hilo tu. Darsa zima walisikia, likamkaa mmoja moyoni. Na hapa kuna jambo ambalo hatulisemi sana. Riwaya moja inasema aliyelitamka ni Is-haq mwenyewe, nyingine inasema ni mmoja wa wenzao, na jina hakutajwa. Kwa hiyo huenda kuna mtu alisema sentensi moja, akaenda zake nyumbani, na leo hatumjui hata kwa jina.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye kumwonyesha mwenzake kheri hupata ujira mfano wa yule aliyeitenda. Hakusema mpaka aione ikikamilika. Kwangu mimi hili linafurahisha na linatisha pia, maana neno la kumvunja mtu moyo nalo lina safari yake, na msemaji haoni linakofika.

Najua kuna atakayeniuliza: ustadh, si tumekatazwa kumsifu mtu mbele yake? Ni kweli. Mtume (s.a.w.) alimkemea aliyemsifu mwenzake, akaufananisha usemi ule na kumkata shingo. Lakini mtazameni Abdullah bin Umar. Alikuwa kijana, analala msikitini, akaota ndoto iliyomtisha, akamsimulia dada yake Bibi Hafsa, naye akaifikisha kwa Mtume. Jibu likawa kwamba Abdullah ni mtu mwema, laiti angekuwa anasali usiku. Mwanawe Salim anasimulia kuwa tangu hapo baba yake alikuwa halali usiku ila kidogo tu. Lile neno lina wema alionao kweli, na papo hapo lina kazi iliyobaki. Sifa tupu ingemwacha amelala pale pale. Lawama tupu, Mungu anajua ingempeleka wapi.

Na neno la namna hiyo halitoki kwa mtu asiyetazama. Imam Dhahabi wa Damascus aliambiwa na mwalimu wake Birzali kwamba mwandiko wake unafanana na wa watu wa hadithi. Anasema kwa neno hilo Allah akampendezesha elimu ya hadithi. Birzali alikuwa ameuangalia mwandiko wenyewe. Sisi tunasema "mashaallah, endelea" huku macho yako kwenye simu, tena tunahesabu kuwa tumempa mtoto moyo.

Wala usiseme elimu yangu ni ndogo. Huku kwetu, enzi za Ziwa Magharibi, kisomo cha watu wazima kilipopamba moto miaka ya 1970, waliofundisha wengi walikuwa watu wa kujitolea, wengine elimu yao haikuvuka shule ya msingi. Walikuwa na a, e, i, o, u na chaki. Wapo wazee ambao leo wanafungua tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy wakaisoma wenyewe kwa sababu jirani alikubali kukaa nao jioni.

Sasa nije kwetu. Juzi kijana wetu alisalisha tarawehe kwa mara ya kwanza. Alipokwama kwenye aya, walimkumbusha watu watano kwa pamoja, kila mmoja kwa sauti yake, na nje ya msikiti watu wazima wakacheka. Jana hakuja. Kukumbusha imamu ni haki, ni elimu, sikatai. Lakini sauti tano kwa mpigo hazimfundishi mtu aya. Zinamfundisha kwamba kukaa nyumbani ni salama zaidi.

Nimekwenda kwao leo baada ya Alfajiri, nikaongea naye mbele ya baba yake. Nimemwambia herufi zake ni safi kuliko za wengi wetu, na kwamba kurasa mbili za mwisho zinahitaji kurudiwa. Amezirudia mbele yangu. Ameridhia niliandike hili.

Usiku huu atasalisha rakaa nne za kwanza, inshaallah. Atakayemkumbusha ni mwalimu wake, atasimama nyuma yake, huyo peke yake. Wengine tusikilize. Baada ya sala, mwenye la kweli alilolisikia katika usomaji wake amfuate amwambie.

Darsa ni baada ya Alasiri kama kawaida. Akina mama, mlango wenu ni ule wa upande.

Wabillahi tawfiq.