Aliyetoa Bure, Je, Ana Deni?

Kuna neno linalosemwa mara nyingi sokoni na barazani: aliyetoa bure hadaiwi. Neno hili lina sura ya ukweli, maana mtu aliyekupa samaki kwa mapendo huwezi kumdai na chumvi. Lakini je, ni kweli siku zote? Leo tulipime kwa jambo ambalo vijana wanajifunza, na wazee wengi hawajalisikia: lugha za kompyuta.

Kompyuta haina akili. Hufanya yale tu iliyoandikiwa, na kuiandikia kwahitaji lugha yenye maneno machache na sheria kali. Mojawapo ya lugha hizo yaitwa Python. Mholanzi mmoja, Guido van Rossum, alianza kuitunga mwishoni mwa mwaka 1989, akaitoa kwa watu mwaka 1991. Hakuiuza. Kila mtu ana ruhusa ya kuitazama ndani mpaka mizizi yake, kuitumia, kuirekebisha, na kumpa mwenzake. Vitu vya namna hii huitwa programu huria. Wala si mambo ya mbali nasi: katika nchi yetu ya Kongo hesabu za vituo vya afya hukusanywa kwa DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, huko Norway.

Basi tazameni yaliyotokea. Mwezi wa Desemba 2008 watunzaji wa Python walitoa toleo la tatu, wakijua ya kuwa halitapatana na la pili. Zamani ukiiambia lugha ile igawanye 7 kwa 2, ilijibu 3, ikaitupa nusu. Siku hizi hujibu 3.5. Tena lugha ya zamani ilisumbuka na herufi zisizo za Kiingereza, hata ile é ya Kifaransa iliyo katika majina mengi ya vitabu vyetu vya ubatizo. Toleo jipya lapokea herufi za mataifa yote. Je, mabadiliko hayo yalikuwa mema? Naam, yalikuwa mema. Lakini programu nyingi za zamani zilikataa kwenda, na nyingine, jambo la hatari zaidi, ziliweza kwenda huku zikitoa jibu tofauti kimya kimya.

Sisi wa Uvira twalielewa jambo hili. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba na kuua watu. Maji yalishuka kutoka mlimani, msiba ukawa chini kwa wakaao kando ya ziwa. Mtunzaji wa lugha naye yuko juu ya mto. Anachogeuza yeye chamfikia mtu asiyemjua hata kwa jina.

Katika shauri hili husikika sauti mbili. Ya kwanza yasema: "Kitu ni changu, nilikitoa bure, nitakigeuza nipendavyo." Ya pili yasema: "Tumejenga juu yake, basi usikiguse kamwe." Zote mbili zimepotoka.

Ya kwanza yasahau kwamba kutoa bure huondoa deni la fedha tu, hakuondoi deni la amana. Mtu akijenga daraja kwa hiari yake, na kuwaalika watu wapite, hawezi kuling'oa usiku akasema hakulipwa. Kwa kuwaalika amewafanya wamtegemee, na anayetegemewa ana wajibu. Ya pili nayo yasahau kwamba kitu kisichorekebishwa huoza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kosa la zamani likiachwa kwa kuwaogopa waliozoea, watakaolilipa ni wageni na wadogo, kama yule ambaye jina lake halikuandikika sawasawa.

Basi kipimo ni nini? Naona mambo matatu: sababu ya kweli, taarifa mapema, na muda wa kutosha. Watunzaji wa Python walitoa sababu zao waziwazi. Kwanza walitangaza kwamba toleo la pili litatunzwa mpaka 2015. Walipoona watu hawajawa tayari, wakaongeza miaka mitano, hata likaachwa tarehe 1 Januari 2020. Ni zaidi ya miaka kumi na moja ya kungojeana. Wako walionung'unika, lakini hakuna awezaye kusema alishtukizwa usiku.

Lakini tusimhukumu mtoaji peke yake. Mpokeaji naye ana deni. Mwezi wa Julai 2018 Guido van Rossum aliacha uongozi baada ya mabishano makali juu ya alama moja ndogo ya lugha ile. Alisema wazi kwamba amechoka kupigania jambo hivyo, kisha kuona watu wengi wanadharau uamuzi wake. Tangu 2019 uongozi uko mikononi mwa baraza la watu watano, wanaochaguliwa na watunzaji wenzao. Mzigo uliomchosha mmoja umegawanywa.

Penginepo mchovu hakupata msaada wa namna hiyo. Programu ndogo iitwayo xz, iliyo ndani ya kompyuta nyingi duniani, ilitunzwa hasa na mtu mmoja aliyechoka. Wengine walimsukuma na kumlaumu kwamba anakawia. Akaja mtu mwenye jina lisilojulikana ni la nani, akasaidia kwa uvumilivu mpaka akaaminiwa, kisha akaficha ndani yake mlango wa wezi. Mwezi wa Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliugundua, kwa kuwa kuingia katika kompyuta kulichelewa kama nusu sekunde. Tazameni matunda ya kula bila kumwagilia mti!

Mtu ataniuliza: "Sisi huku, umeme ukikatika kila mara na intaneti ikiwa ghali, tutatoa nini?" Wahenga wetu walijibu zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tena majembe si ya ukubwa mmoja. Anayeeleza kosa vizuri, kwa adabu, amelima. Anayemfundisha mwenzake amelima. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu huria ya kazi za ofisi, OpenOffice, kwa Kiswahili. Nayo ilikuwa kulima. Na anayesema asante badala ya kutukana, amemwondolea mlimaji nusu ya jua.

Jambo la mwisho. Mwaka 1930 kamati ya nchi zilizotawaliwa na Waingereza ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja. Watu wa Uvira hawakuwamo, wakaendelea kusema chao, na hata leo Mzanzibari na mtu wa Uvira husikilizana, kwani binadamu husamehe neno lililogeuka. Mashine haisamehi. Kwa hiyo watungao sheria za mashine wana wajibu mkubwa kupita wanasarufi: wawaulize walio chini ya mto kabla ya kugeuza maji.

Basi, aliyetoa bure, je, ana deni? Analo, la uaminifu. Na aliyepokea bure? Naye analo, la jembe. Kila mmoja akiangalia deni lake mwenyewe kabla ya kudai la mwenzake, mali ya wote itadumu.