Alama ya Mtihani ni ya Nani?

Tumfikirie mzee mmoja, mkulima, aliyefunga safari ya siku nzima kwa basi mpaka Dar es Salaam. Amevaa koti lake la Jumapili, anabisha hodi kwa mhadhiri wa chuo kikuu. Mwanawe yu mwaka wa pili, anasoma sayansi, na katika somo la kemia amepata alama 39. Kufaulu ni 40. Neno la mzee ni fupi: "Mwalimu, ni alama moja tu. Utapungukiwa na nini ukimpa?"

Wako watakaomcheka. Sisi hatumcheki. Ameuza mahindi, na pengine ng'ombe, ili mtoto afike pale. Na swali lake ni zito kuliko ajuavyo mwenyewe, wala haifai kulijibu kwa kusema tu kwamba sheria ni sheria.

Yatupasa kwanza kuieleza sheria yenyewe, maana wazazi wengi huisikia kwa mbali. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika vyuo vingine vingi vya Tanzania, alama za kila somo hugeuzwa kuwa herufi, na herufi kuwa pointi. Alama 70 na zaidi ni A, yenye pointi 5. 60 mpaka 69 ni B+, pointi 4. 50 mpaka 59 ni B, pointi 3. 40 mpaka 49 ni C, pointi 2. 35 mpaka 39 ni D, pointi 1. Chini ya hapo ni E, nayo haina kitu. Kisha pointi huzidishwa kwa uzito wa somo. Aliyepata B katika somo lenye uzito wa 12 ana 36; akipata A katika somo lenye uzito wa 8 ana 40; jumla 76, igawanywe kwa 20, wastani wake ni 3.8. Huo ndio wanafunzi wauitao GPA. Ukifika 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 mpaka 4.3 ni la pili la juu, 2.7 mpaka 3.4 la pili la chini, 2.0 mpaka 2.6 ni kufaulu tu. Aliyeshindwa somo hurudia mtihani, "sapu" kwa lugha ya wanafunzi, na hata akiujibu vizuri namna gani hupewa C, si zaidi. Ambaye wastani wake umeshuka mno huondolewa chuoni, na neno hilo "kudisko" huwanyima vijana usingizi kuliko mbu wa Dar es Salaam.

Mtu akizitazama sana sheria hizi ataona jambo la ajabu. Aliyepata 50 na aliyepata 59 wamelipwa sawasawa. Alama tisa hazikuhesabiwa kuwa kitu. Lakini kati ya 39 na 40, alama moja imezidisha pointi mara mbili. Tena wastani ukitoka 3.49 haupandishwi kuwa 3.5, bali hukatwa ukawa 3.4, na mwenye nao hushuka daraja. Kijana huyo huyo akiandika hivyo maabarani, mwalimu wa fizikia atamsahihisha kwa kalamu nyekundu. Tunakiri kwamba kanuni hii ya kukata hatujapata kuiona sababu yake, na tungefurahi wakubwa wa vyuo wakiieleza.

Mpaka wenyewe ni jambo jingine. Po pote utakapowekwa, atakuwako mtu aliyesimama hatua moja nje yake. Uhamishwe leo uwe 39, na kesho mzee mwingine atabisha hodi kwa ajili ya 38, naye atakuwa na sababu ile ile ya kulia.

Basi turudi kwenye swali: mwalimu atapungukiwa na nini? Kwa kweli hatapungukiwa na kitu cho chote, na hapo ndipo penye hatari. Atoaye sadaka mfukoni mwake huhisi uzito wa anachotoa. Mwalimu atoaye alama ya huruma hutoa mfukoni mwa mtu asiyemjua. Kijana huyu kesho huenda akapewa kazi ya kupima maji ya visima, aseme kama floridi imezidi au haikuzidi. Watu wa Meru na Arusha hawahitaji kusimuliwa habari za floridi: hutia meno madoa ya kahawia, na ikizidi sana hupinda mifupa ya watoto. Akina mama watateka maji yale kwa kuliamini neno lake. Hao ndio wenye alama ile. Hawakuwako ofisini mzee alipobisha hodi, wala hawakuulizwa.

Chuo hicho kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na tangu 1970 kinatoa shahada kwa jina lake mwenyewe. Zamani mtu angeweza kusema kwamba London ndiyo dhamana. Sasa dhamana ni sisi.

Je, sheria isipindwe kamwe? La. Mgiriki wa kale Aristotle alifundisha kwamba sheria, kwa kuwa husema na watu wote kwa pamoja, haiwezi kuona kila jambo, hivyo yahitaji haki nyingine ya kuisahihisha. Akaifananisha na rula ya madini ya risasi iliyotumiwa na wajenzi wa kisiwa cha Lesbos, ambayo hujipinda kufuata umbo la jiwe. Mwanafunzi aliyeugua siku ya mtihani huahirishiwa, naye aliyefiwa na mzazi vivyo hivyo. Rula imelifuata jiwe. Mzee akiomba karatasi ya mwanawe isahihishwe upya, kwa kuhofia kwamba alama ilihesabiwa vibaya, anaomba haki. Lakini kumwandikia 40 aliyepata 39 si kuipinda rula, ni kusema uongo juu ya jiwe.

Iko huruma ambayo mwalimu hupungukiwa nayo kweli. Katika kila alama mia, 40 kwa kawaida hutokana na majaribio na kazi za darasani na maabarani, kabla ya mtihani wa mwisho. Mwenye 12 katika hizo 40 anajulikana mapema. Mwalimu amwitaye wakati huo, akakaa naye jioni mbili tatu juu ya hesabu za moli, ametoa saa zake mwenyewe. Aliyemwona akanyamaza, kisha akampa alama moja mwishoni, amejinunulia utulivu kwa bei rahisi.

Na nyumbani je? Twajua vijana walioondolewa chuoni wakabaki mjini miaka miwili, wakiwaandikia wazazi kwamba bado wanasoma, kwa kuogopa uso wa baba. Mzee wetu yu njiani kurudi na koti lake. Sapu ya kemia ina tarehe yake. Kijana anangoja kusikia kama nauli ya kwenda kuifanya ipo, na kama atakaribishwa mezani usiku huu.