Sunna iko katika mti au katika kinywa?

Kiswahili kina neno moja, mswaki, kwa vitu vitatu: mti, kijiti chake, na brashi ya plastiki ya dukani. Waliolipa plastiki jina hilo walitoa fatwa bila kujua. Wapo wasioikubali. Hapa Mbale nilimsikia ndugu mmoja akimwambia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mbele za watu, kwamba mwenye kutumia brashi ameiacha sunna. Kijana akanyamaza.

Mti wenyewe Waarabu huuita arak. Ni kichaka cha nchi kavu, matawi yake huinama, maua ni madogo ya kijani-manjano, na vitunda vyake vina ukali. Huvumilia udongo wa chumvi, ndiyo maana humea pwani ya Bahari ya Shamu na hata pwani ya Kenya. Kwetu Jinja, penye mvua na mto Nile, huuoni. Labda uende Karamoja. Mwislamu wa Busoga hutumia kijiti kilichosafiri.

Imam Nawawi, katika madhehebu ya Shafi, anaona kila kitu chenye kukwaruza kikaondoa harufu ya kinywa kinatosha, ingawa arak ni bora. Na katika Sahih Bukhari, Bibi Aisha (r.a.) anasimulia kwamba siku Mtume (s.a.w.) alipofariki, kaka yake Abdurrahman aliingia na mswaki, Mtume akautazama, Bibi Aisha akaulainisha kwa meno yake, akampa. Riwaya moja inasema kilikuwa kitawi kibichi cha mtende. Mswaki wake wa mwisho, basi, kwa riwaya hiyo haukuwa arak.

Atakayesema tuutupe mti kabisa, maadamu lengo ni usafi, naye simfuati. Mimi natembea na kijiti mfukoni, na kukipenda kitu kwa kuwa Mtume alikipenda hakungoji cheti cha daktari wa meno. Lakini mapenzi hayo ni yangu, siwezi kumdai mwenzangu. Mtume mwenyewe alieleza kwamba lau asingechelea kuutaabisha umma wake, angeamrisha mswaki kwa kila swala. Aliliona jema, akaacha kulifaradhisha kwa huruma. Nafasi hiyo aliyotuachia, sisi wanafunzi wa dini tuna haraka ya kuijaza: leo brashi, kesho urefu wa kanzu.