Nyota Yako Haijachukuliwa



Leo nataka tuongelee nyota. Mtaani neno hili limebeba mengi. Ukikosa kazi, unaambiwa nyota yako imechukuliwa. Uchumba ukivunjika, nyota imefifia, katafute mtu akusafishie. Na wapo vijana wetu, tena wanakwaya na viongozi wa jumuiya, wanaotoa pesa kwa siri ili wasafishwe. Hebu tupite kwanza China ya kale, kuna jambo la kujifunza.

Iko nyota moja kali ambayo mabaharia wa pwani yetu wanaiita Suhaili. Wanasayansi wanaiita Canopus, na kwa mng'ao ni ya pili katika anga la usiku, baada ya Sirius. Wachina wa kale waliiita Nyota ya Mzee. Walimchora kama babu mwenye paji kubwa la uso, ndevu nyeupe na fimbo, anayewapa watu maisha marefu. Mwanahistoria wao Sima Qian, aliyeishi yapata miaka 100 kabla ya Kristo, aliandika kwamba nyota hii ilitafutwa mwezi Septemba, usiku na mchana vinapolingana, pembeni mwa mji upande wa kusini. Ikionekana, nchi ina amani. Isipoonekana, vita vinakuja.

Siwacheki. Walitafuta amani na uzima, kama mimi na wewe. Ila angalia hili: mji wao mkuu, Chang'an, ambao leo ni Xi'an, uko kaskazini mno. Pale Suhaili hata ikifika juu kabisa hupanda nyuzi 3 hivi tu kutoka upeo wa macho. Ukungu kidogo, kilima kidogo, huioni. Ukiwa Beijing ndiyo haichomozi kabisa. Lakini wewe uliyeko Dar es Salaam, toka nje usiku wa Februari, anga likiwa safi, utazame kusini. Utaiona juu, inawaka. Nyota ni ileile! Hakuna aliyeichukua wala kuichafua. Kinachobadilika ni mahali anaposimama anayeitazama.

Sasa jamani, kama mtu anakuambia nyota yako imefifia, amesimama wapi yeye hata aione? Zaburi ya 147 inasema ni Mungu anayezihesabu nyota na kuziita kila moja kwa jina. Yeye anayejua jina la Suhaili ndiye aliyekuita wewe kwa jina siku ya ubatizo. Hayo hayako mikononi mwa mganga.

Kanisa haliogopi nyota. Padre Mjesuiti Johann Adam Schall von Bell aliongoza ofisi ya elimu ya anga ya mfalme kule Beijing katika karne ya 17. Mamajusi nao waliifuata nyota, lakini hawakuiabudu. Walipofika walimpigia magoti Mtoto. Kuzisoma nyota ni elimu. Kuzikabidhi maisha yako ndiko Katekisimu namba 2116 inakokataa, pamoja na kupiga ramli na kutabiri kwa nyota, kwa sababu heshima hiyo ni ya Mungu peke yake.

Siwezi kukuahidi kwamba ukisali leo, kesho utaitwa kazini. Huenda ukungu ukakaa muda mrefu. Ninachokuambia ni kwamba kutomwona Mungu akitenda si dalili kuwa ameondoka. Kama umeshaenda kusafishwa, usijifiche. Mlango wa kitubio uko wazi, na padre ameshasikia mengi kuliko hayo. Ile pesa uliyokuwa umeitenga, itumie kwa nauli ya kupeleka maombi ya kazi, au kwa kujifunza ufundi.

Tusali: Ee Bwana, uliyeziumba nyota, utuondolee hofu. Tusipokuona, utushike mkono. Utufundishe kungoja bila kukuacha. Amina.