UDI HAUONDOI UKUNGU



Vitabu vya fiqhi huanza na mlango wa tahara kabla ya mlango wa Sala, kwani Sala haisihi pasipo tahara. Nasi watu wa Pwani twajisifu kwa kuoga na kutawadha. Lakini tukiingia katika vyoo vyetu twaona nini? Kuta zimeota ukungu mweusi, dari imejaa madoa, na uvundo umefukiziwa udi ili mgeni asiusikie. Mtoto akikohoa na kubanwa na kifua usiku, wako wasemao kuwa choo kina shetani, wakamtafutia hirizi. Na wengine husema: Ndiyo hali ya Pwani, tutafanyaje?

Maneno yote mawili si ya mwenye kutumia akili. Mwenyezi Mungu amekijaalia kila kitu sababu yake. Mbegu za ukungu ni ndogo mno, zimo hewani daima, wala hakuna awezaye kuzimaliza. Lakini haziwezi kuota pasipo unyevu. Ukuta ukikaa majimaji siku moja au mbili, zaweza kuanza kushika. Na povu la sabuni lililogandia ukutani huzilisha. Ukungu huo humzidishia taabu mwenye pumu. Basi adui si shetani. Ni maji tuliyoyaacha.

Asuguaye ukuta kwa klorini, na huku mfereji wadondoka usiku kucha, ni kama atubuye kwa ulimi asiache dhambi. Ukungu utarudi.

Basi yatupasa haya. Kwanza, tuzibe kila pavujapo. Bomba lirowanishalo ukuta wa jirani ni dhara, na haki ya jirani twaijua. Pili, tusifanye israfu ya maji katika udhu na kuoga; na amalizapo mtu, ayafagie maji yaende shimoni, apanguse ukuta, aache dirisha wazi, na taulo aianike nje. Wakati wa masika hewa ya nje nayo ina unyevu, dirisha peke yake halitoshi: kupangusa kusiachwe, na mwenye uwezo atie feni ya kutolea hewa nje. Tatu, tusipake rangi ya mafuta juu ya ukungu, kwani hufungia unyevu ndani kisha ikabambuka. Ukuta usuguliwe, ukauke, ndipo upakwe chokaa kama walivyofanya wazee wetu katika nyumba za mawe. Chokaa huuacha ukuta upumue, na ukali wake ukungu hauupendi. Wala klorini isichanganywe na siki wala dawa nyingine ya choo, kwani hutoka hewa ya sumu.

Nanyi wenye nyumba za kupangisha, kodi mwaipokea kila mwezi, na dari ivujayo ni juu yenu kuitengeneza. Watoto walalao humo ni amana.

Udi ni kitu kizuri, lakini mahali pake ni nyumba iliyokwisha safishwa. Twamuomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuitoharisha miili yetu, nyumba zetu na nyoyo zetu. Amin.